Bendi Hufa Lini? Msondo, Sikinde na Wanamuziki Waliohama



Mazungumzo haya yanahusu bendi za muziki wa dansi. Huenda wako watakaouliza kwa nini watu wazima, wenye kazi za ofisini na darasani, wakutane kuzungumzia magitaa na tarumbeta. Jibu ni kwamba bendi ni chombo cha watu, kama ilivyo shule, zahanati au idara ya serikali. Ina jina, ina mali, ina viongozi, ina kazi ya kila siku, na ina watu wanaoingia na kutoka. Katika historia ya Tanzania ni vyombo vichache vilivyopoteza watu wao wakuu mara nyingi, hadharani, mbele ya umma wote, kama zilivyopoteza bendi za dansi. Kwa hiyo bendi yaweza kuwa darasa zuri kwa kila mtu aliyewahi kupokea barua ya uhamisho, na kwa kila mtu aliyewahi kubaki nyuma mwenzake alipohamishwa.

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza. Mwimbaji mkuu akiondoka, mpiga gitaa la solo akimfuata, na mwaka unaofuata nusu ya wapulizaji wakienda kwingine, je, bendi iliyobaki ni ileile? Wako wanaosema kwamba bendi ni watu wake, na watu wakiondoka kilichobaki ni jina tupu. Wako pia wanaosema kwamba jina likiwapo na vyombo vikiwapo, bendi ipo. Historia ya bendi mbili kubwa za Dar es Salaam, Msondo na Sikinde, yaonyesha kwamba pande zote mbili zimeshika ukweli nusunusu.

BENDI YA WAFANYAKAZI

Kabla ya uhuru bendi nyingi za mijini zilikuwa vyama vya wanachama. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilikuwa mojawapo ya bendi kongwe za namna hiyo. Wanachama walichanga fedha, walinunua vyombo kwa pamoja, na aliyepiga muziki jioni alikuwa na kazi nyingine mchana. Muziki haukuwa ajira. Ulikuwa heshima ya chama na burudani ya mtaa.

Baada ya uhuru hali ilibadilika. Kufuatia maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, na kwa sheria ya mwaka huohuo ikaundwa jumuiya moja ya wafanyakazi iliyojulikana kwa jina la NUTA. Mwaka 1964 huohuo jumuiya hiyo ikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Baadaye mashirika mengi ya umma yakafuata njia hiyo. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, shirika la usafiri wa Dar es Salaam lilikuwa na UDA Jazz, wenye bima walikuwa na Bima Lee, na Jeshi la Polisi, Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo yakawa na bendi zao.

Utaratibu huo ulileta faida ambayo yafaa ikumbukwe. Magitaa ya umeme, vipaza sauti, ngoma na vyombo vya kupuliza viliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Mwanamuziki wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuvinunua, wala mtaa mzima haukuweza kuchanga fedha hizo kwa urahisi. Shirika lilinunua vyombo na kumlipa mwanamuziki mshahara. Kwa mara ya kwanza mpiga gitaa aliweza kujiita mfanyakazi, na mama mwenye nyumba akamwamini kwamba kodi italipwa mwisho wa mwezi.

Lakini palikuwa na upande wa pili. Gitaa lilikuwa mali ya shirika. Jina la bendi lilikuwa mali ya shirika. Hata ukumbi, mara nyingi, ulikuwa wa shirika au wa mwenye baa. Mwanamuziki alipoamua kuondoka, aliondoka na sauti yake, vidole vyake na yale aliyoyahifadhi kichwani. Yafaa jambo hili liwekwe akilini, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila kilichotokea baadaye.

MWAKA 1978

Miongoni mwa waimbaji walioijenga NUTA Jazz tangu mwanzo alikuwamo Muhidin Maalim Gurumo. Sauti yake ilizoeleka sana kwa wasikilizaji wa Redio Tanzania hata ikawa vigumu kwa wengi kuitaja bendi bila kumtaja yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jumuiya ya NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA, na bendi nayo ikaanza kuitwa Juwata Jazz. Mtindo wake uliitwa Msondo, jina lililotoka katika ngoma za jadi za watu wa Pwani.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka. Pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar na wanamuziki wengine, baadhi yao wakitoka Dar International, aliunda bendi mpya chini ya kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa herufi TTTS. Bendi hiyo ikapewa jina la Mlimani Park Orchestra. Nayo ilichagua mtindo wake kutoka katika ngoma za Wazaramo: Sikinde, Ngoma ya Ukae, yaani ngoma ya nyumbani. Humo walipata umaarufu watu kama Michael Enoch, aliyekuwa amejifunza kazi katika Dar es Salaam Jazz, Cosmas Chidumule, mtunzi wa wimbo mashuhuri wa Neema, mpiga gitaa Joseph Mulenga, na mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka, ambaye naye aliwahi kuimba Juwata.

Kwa kanuni ya wale wanaosema bendi ni watu wake, Juwata ilipaswa kufa mwaka ule. Haikufa. Waimbaji wengine walipanda jukwaani, na baadaye akaibuka TX Moshi William, ambaye kwa wapenzi wengi wa kizazi kilichofuata ndiye aliyekuwa Msondo yenyewe mpaka alipofariki mwaka 2006. Aidha, alikuwapo Said Mabera, mpiga gitaa la solo aliyeingia katika bendi hiyo katika miaka ya 1970 na kubaki humo kwa miongo mingi, majina ya bendi yakibadilika na waimbaji wakipishana mlangoni. Wasikilizaji walimsifu mwimbaji. Lakini waliosikiliza kwa makini walitambua kwamba kilichowafanya waseme "hii ni Msondo" kabla mwimbaji hajafungua kinywa kilikuwa gitaa na tarumbeta.

Badala ya kifo, mji ulipata bendi mbili kubwa. Ushindani wa Msondo na Sikinde ukawa kama ule wa Simba na Yanga. Kila moja iliisikiliza nyingine, kila moja iliogopa kupitwa, na msikilizaji akafaidika.

MWAKA 1985

Mtihani wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1983 kampuni ya TTTS ilikoma, na Mlimani Park ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Hapo bendi ilinusurika kwa sababu chombo kimoja cha umma kilikubali kupokea mzigo ulioachwa na kingine. Lakini mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake iliyokuwa ikiongozwa na Ndala Kasheba, kisha akawavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park ili aunde bendi mpya. Miongoni mwao walikuwamo Gurumo, Bitchuka na Abel Balthazar. Bendi hiyo mpya ikaitwa International Orchestra Safari Sound, na mtindo wake ukaitwa Ndekule.

Ndugu, yafaa mambo mawili yatazamwe hapa kwa utulivu.

La kwanza ni lile lililotokea Safari Sound ya zamani. Bendi iliyokuwa hai, yenye wapenzi na mtindo wake, ilikoma kwa uamuzi wa mtu mmoja. Hapakuwa na kamati, wala chombo kingine kilichoweza kuipokea. Wanamuziki wake hawakuhama; walihamwa. Si haki kumlaumu mwenye mali kwa kutumia mali yake apendavyo. Lakini ni haki kusema kwamba chombo kinachosimama juu ya mguu wa mtu mmoja hakina budi kuanguka siku mtu huyo atakapouinua mguu wake.

La pili ni lile lililotokea Mlimani Park. Bendi iliyopoteza watu sita kwa mpigo, tena watu wa mbele, haikufunga milango. Iliajiri wengine, ikafanya mazoezi, ikarudi ukumbini. Na baada ya miaka, baadhi ya waliohama walirudi. Bitchuka alirudi Mlimani Park. Gurumo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alirudi Msondo, bendi aliyokuwa ameijenga tangu mwaka 1964. Safari Sound, iliyowachukua kwa kishindo, haikuishi umri wa hizo mbili.

MTINDO NI NINI?

Ili kuelewa kwa nini bendi iliyopukutika iliweza kuchipua tena, ni lazima kuelewa jinsi wimbo wa dansi ulivyotengenezwa. Mtunzi alikuja mazoezini na maneno na sauti yake. Hapo kazi ilikuwa haijamalizika, ilikuwa imeanza. Mpiga solo alitafuta njia yake, mpiga rithimu akatafuta pa kuingilia, besi ikaweka msingi, wapulizaji wakapanga majibu yao kwa waimbaji. Sehemu ya kwanza ya wimbo, yenye mwendo wa taratibu, ilisimulia kisa. Sehemu ya pili, ile ya mchemko, iliwaachia magitaa na tarumbeta nafasi, na wachezaji wakaingia uwanjani.

Katika mazoezi hayo ndimo mtindo ulimoishi. Haukuandikwa popote. Mgeni aliyetoka bendi nyingine alikaa na wenyeji, akaelezwa kwamba hapa wimbo huu hupigwa hivi, na pale mwenzako akikuitikia usimkatize. Baada ya miezi kadhaa mgeni akawa mwenyeji, na alipokuja mgeni mwingine, yeye ndiye aliyefundisha. Watu kama Michael Enoch waliheshimiwa kwa sababu hiyo hasa: walipiga chombo zaidi ya kimoja, walijua kupanga nyimbo, na walijua kumfundisha mwenzao. Mwalimu yeyote ataitambua kazi hiyo mara moja. Ni ile anayoifanya mwalimu mzoefu katika chumba cha walimu, pale anapomweleza kijana aliyetoka chuoni juzi mambo ambayo hayamo katika mtaala.

Kwa hiyo, jibu la kwanza la swali letu ni hili. Bendi haifi mwimbaji wake mashuhuri anapoondoka. Hufa pale asipobaki mtu aliyefundishwa, au pale aliyefundishwa anapokataa kumfundisha mwingine. Anayeificha kazi yake ili asipate mrithi ana uwezo wa kukiua chombo hata kabla hajaondoka.

JINA NI LA NANI?

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Kule London, mwaka 1967, iliundwa bendi ya roki iitwayo Fleetwood Mac. Jina lilitokana na majina ya mpiga ngoma Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie, ingawa kiongozi wake alikuwa mpiga gitaa Peter Green. Green aliondoka mwaka 1970. Mpiga gitaa wa pili, Jeremy Spencer, aliondoka ghafla mwaka 1971 bendi ikiwa ziarani Marekani, akajiunga na kikundi cha dini. Wa tatu, Danny Kirwan, aliachishwa mwaka 1972. Hatimaye, mwaka 1974, meneja wao Clifford Davis alidai kwamba jina ni lake, akawapeleka Marekani watu wengine kabisa wapige muziki kwa jina hilohilo.

Watazamaji waliokata tiketi walifika ukumbini wakakuta jina wanalolijua na nyuso wasizozijua. Shauri lilifikishwa mahakamani. Wale wenyewe waliendelea na kazi, wakawaingiza Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, na mwaka 1977 wakatoa santuri ya Rumours, ambayo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Katika mabadiliko hayo yote watu wawili hawakuondoka: mpiga ngoma na mpiga besi, yaani wale waliotunza mwendo.

Kisa hicho kina funzo. Jina lisilo na watu waliolelewa ndani yake ni ulaghai, hata kama meneja ana karatasi mkononi. Na bendi iliyobadilika karibu yote yaweza kuwa bendi ya kweli, ikiwa mabadiliko yalipita mikononi mwa watu waliopokezana kazi. Juwata ya mwaka 1991, jumuiya ilipogeuka kuwa OTTU na bendi ikabadili jina kwa mara nyingine, haikuwa na sura zilezile za mwaka 1964. Baadaye ikabaki na jina la Msondo Ngoma, jina la mtindo wake, baada ya majina ya waajiri wake wote kupita. Wapenzi hawakulalamika, kwani kwao mtindo ndio uliokuwa jina siku zote.

WIMBO NI WA NANI?

Lakini itakuwa kosa kumaliza mazungumzo haya kwa kusifu uimara wa vyombo na kuwasahau watu. Hapa ndipo penye deni.

Kwa miaka mingi mahali pakuu pa kurekodi nyimbo palikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Maneno ya wimbo yalipitiwa, bendi ikaitwa studio, wimbo ukarekodiwa na kanda ikahifadhiwa. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Zilizotengenezwa zilipitia Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Redio iliufikisha wimbo kila kijiji, na hiyo ni huduma kubwa. Lakini mtunzi hakuona fedha ya maana. Baadaye zikaja kaseti, na vibanda vya kunakili kanda vikaenea mijini. Mwenye kibanda alipata riziki yake. Aliyetunga, aliyepanga na aliyepiga wakawa wanasikia kazi yao wakipita njiani.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini chombo cha kuisimamia na kukusanya haki za watunzi hakikuwapo. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1999, iliyotambua pia haki za wale wanaoimba na kupiga, na iliyounda COSOTA. Wakati huo wimbo wa mwaka 1979 ulikuwa na miaka 20, na baadhi ya waliouimba walikuwa makaburini.

Ukweli huu unabadilisha sura ya kuhamahama. Wako waliowaita wanamuziki waliohama wasaliti na watu wenye tamaa. Lakini fikirini: mtu asiye na gitaa lake, asiye na jina la bendi, asiye na malipo ya nyimbo alizotunga, amebakiwa na mali gani ya kuuza isipokuwa kuhama kwake? Shaaban Dede aliimba Juwata, akaimba Mlimani Park, akaimba Bima Lee, akarudi Msondo, na alifariki mwaka 2017 akiwa mtu wa Msondo. Kila alipohama alikuwa akiomba, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwamba kazi yake ithaminiwe upya. Kuhama kulikuwa ndiyo nyongeza ya mshahara ya mwanamuziki.

Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne na zaidi ya kuimba. Umma ulishangaa kusikia kwamba mtu mwenye sauti ile hakuwa na gari la kumfikisha nyumbani. Mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, alimzawadia gari mwaka huohuo. Lilikuwa tendo jema la kijana kwa mzee wake, nalo listahili shukrani. Hata hivyo zawadi haiwezi kushika mahali pa haki. Mzee aliyefanya kazi miaka 50 hapaswi kungoja huruma ya kijana. Anapaswa kukuta hesabu yake ikimngoja. Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014, mwaka ambao bendi aliyoianza ilitimiza miaka 50.

MAFUNZO

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yafaa yachukuliwe na kila anayefanya kazi katika chombo cha umma.

Kwanza, mtu akipata uhamisho asihesabiwe kuwa ameusaliti mji. Aagwe vizuri, kwa maana huenda akarudi, kama walivyorudi Gurumo na Bitchuka. Bendi iliyomtukana mwimbaji aliyeondoka ingekuwa na haya kumpokea siku anayobisha hodi.

Pili, kazi ifundishwe kabla mwenye kuijua hajaondoka. Mkuu wa idara ambaye faili zake anazielewa peke yake hana tofauti na mpiga solo anayewapa wenzake mgongo ili wasione vidole vyake. Siku akiondoka, ofisi yote hunyamaza.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, chombo kisijivunie kudumu kwake wakati waliokidumisha hawana kitu. Mashirika mengi yaliyokuwa na bendi yalipobanwa na mageuzi ya uchumi katika miaka ya 1980 na 1990, bendi zao nyingi zilitoweka, na wanamuziki wakatawanyika mikono mitupu. Msondo na Sikinde zilivuka. Kuvuka kwao ni fahari ya mji. Lakini fahari hiyo ina majina ya watu ndani yake, na kila jina lina familia.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bendi mgeni huja, na wimbo ndio unaopona. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mwenyeji naye, siku anapokiweka chini chombo chake, anapona.